Fundi amefungua hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya Peugeot 504 yangu bila kupima chochote, sasa maji yako kwenye oili

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Gari ni Peugeot 504 ya 1979, injini ya petroli ya cc 1971. Lilikuwa la marehemu baba, alilipigia safari za Kampala na Masaka miaka nenda rudi, na hadi mwezi uliopita injini ile haikuwahi kufunguliwa. Mwaka huu lilianza kupoteza maji. Chini halidondoshi: nililaza gari juu ya maboksi yaliyotandikwa, asubuhi maboksi makavu. Ekzosi haitoi moshi mweupe. Geji ya joto imetulia. Ila kila siku nne tano nikifungua redieta injini ikiwa baridi, maji yameshuka, naongeza karibu lita nzima.

Nikaenda Kabale kwenye msiba. Kule ni karibu mita 2,000 juu, asubuhi baridi inauma, nikafungua hita kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kioo cha mbele kikajaa ukungu. Nikafuta kwa kitambaa, ukabaki utando unaoteleza kama mtu amepaka mafuta, na ndani ya gari harufu tamu tamu. Siku hiyo peke yake nilijaza lita moja na nusu.

Niliporudi Kampala nilimweleza fundi haya yote, kioo, harufu, kila kitu. Boneti hata hajaifungua: "Ssebo, hiyo ni gasketi. Magari kuukuu ndivyo yalivyo." Yaani gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Nikamuuliza kama ana pampu ya kupimia presha ya redieta. Akasema haina haja, yeye ana miaka ishirini kwenye kazi.

Kipimo chenyewe ni robo saa! Unafunga pampu mahali pa kifuniko cha redieta, unapandisha presha hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, unatazama mshale. Ukishuka, maji yanatoka mahali, na unapatafuta kwa tochi na injini ikiwa baridi. Mara nyingi tone dogo likiangukia chuma cha moto linakauka hapo hapo, ndiyo maana maboksi yanabaki makavu. Unaangalia kitundu cha chini ya wota pampu kama kina alama ya maji. Unatoa plagi zote nne, ukikuta moja imeoshwa nyeupe kuliko wenzake, hapo sasa tuongee habari ya gasketi. Kuna na ile dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa redieta, ikigeuka njano ujue moshi wa injini unaingia kwenye maji. Yote hayo hayagusi bolti hata moja ya hedi.

Yeye akafungua hedi. Gasketi iliyotoka ilikuwa nzima, nimeishika kwa mikono yangu, hakuna palipoungua. Nilipomwonyesha akasema "tayari tumefungua, tusage tu". Hedi ni ya aluminiamu, kila ikisagwa inapungua, na baba alitunza unene ule miaka yote.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiki. Injini hii slivu zake, yaani mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji. Zimekaa tu ndani ya bloku, juu zinabanwa na hedi, chini zimekalia gasketi nyembamba zinazozuia maji yasiingie kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hedi ikitoka, slivu lazima zishikiliwe kwa vibano, na injini isizungushwe. Kijana wake akashika ufunguo akapiga stata, hedi ikiwa mezani, ati apandishe pistoni wasafishe masizi. Nilikuwa nimesimama pale. Niliona slivu ya tatu inapanda pamoja na pistoni, unene wa kucha hivi, kisha ikarudi. Nikapiga kelele. Fundi akanijibu, "Mzee, tulia, tunajua kazi."

Walipofunga, themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto, hawakuirudisha. "Huku kwetu joto, haihitajiki." Kwa hiyo sasa injini inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta. Na kulanti (dawa ya maji ya redieta) niliyowanunulia sijui ilienda wapi, redieta imejazwa maji ya bomba. Kampala iko kama mita 1,200 juu, maji matupu bila presha yanachemka nyuzi 96 hivi, na hayazuii kutu. Hayo kwenye hedi ya aluminiamu!

Nimelipa shilingi 640,000, gasketi na kusaga vikiwemo.

Siku tatu baadaye maji yameshuka vilevile. Nikang'oa zulia la upande wa abiria mwenyewe. Chini yake limelowa, nikabonyeza, kidole kikatoka na ute wa kijani, harufu ni ile ile ya Kabale. Ni kiredieta cha hita nyuma ya dashibodi. Nilimwambia habari ya kioo tangu dakika ya kwanza! Hita Kampala haifunguliwi, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka, lakini maji ya presha yanapita humo. Ningeziba mipira miwili ya hita kwa muda, nikaendesha wiki, jibu lingekuwa limepatikana bila senti.

Na sasa kuna ugonjwa ambao gari halikwenda nao gereji. Kijiti cha oili kinatoka na rangi ya chai ya maziwa. Jana niliacha gari limelala usiku kucha, asubuhi nikalegeza nati ya sampu taratibu. Yakatangulia maji yenye kutu, karibu kikombe, ndipo oili ikafuata. Silipigi stata tena.

Nimempigia fundi mara sita. Ya mwisho alipokea, akasema gari lilikuja limekufa. Uongo mtupu. Lilikwenda Kabale na kurudi!

Ninachodai: ashushe sampu, atoe slivu zote nne, abadilishe gasketi za chini, gharama zake. Nina picha za gasketi ile nzima na za maji ya sampu.

Kama kuna mwenzetu Kampala, Jinja au Entebbe mwenye vibano vya slivu na saa ya kupimia (geji ya mshale) slivu zinavyochomoza juu ya bloku, naomba aje inbox. Gari naweza kulivuta hata Jumamosi hii. Kiredieta cha hita nimeshakizungukia soko la vipuri la Kisekka siku mbili, sijakipata, kwa hiyo anayejua fundi wa kuchomelea shaba anielekeze pia.