Sabuni ya mche au ya maji, ipi inafaa nyumbani?

MamaPacha
Wakuu habarini, naomba ushauri. Tumehamia Kigamboni juzijuzi, nyumba nzuri ila maji ni ya kisima yana chumvi balaa. Nimezoea mche, nakata vipande, kimoja jikoni kimoja bafuni kingine cha kufulia, sasa huku nasugua weee povu hakuna, juu ya beseni unabaki utando mweupe kama maziwa yaliyokatika na nguo zikikauka zinakakamaa. Jirani anasema achana na mche nunua dumu la sabuni ya maji lita 5. Mume wangu hataki, eti watoto wataimwaga yote, alafu mama mkwe yeye anasema kipande kimoja kushikwa na watu sita ni kuambukizana. Nishike lipi jamani?

MpikaSabuni Mbagala
Dada shida hapo ni maji. Mche ni mafuta (mawese, mise yaani ya kokwa za mawese, nazi) yamepikwa na kostiki (magadi makali ya kiwandani), na maji ya visima yana chokaa, ikikutana na sabuni hiyo inagandana nayo ndo huo utando, mpaka chokaa yote iishe ndo povu linaanza kwa hiyo sabuni nyingi inaenda bure. Chumvi nayo inaikataa, sisi kiwandani tunaimwaga makusudi ili sabuni ijitenge ielee juu. Hii ya maji ya mtaani inatengenezwa na salfoniki na slesi (kemikali za kutoa povu na kusafisha), haigandi kirahisi hivyo, vyombo na kudeki tumia hiyo. Ila nunua kwa mtu unayemwamini maana salfoniki ni asidi kali, asipoisawazisha vizuri na soda ashi (unga mweupe wa kuua asidi, si soda ya kunywa) mikono itababuka. Na usidanganyike na uzito, uzito tunautia kwa chumvi tu.

Mzee wa Tabata
Mama mkwe mtoe hofu kwa upole. 1988 watafiti Marekani walipaka bakteria kwenye vipande vya sabuni makusudi watu wakanawa navyo, mikono ikapimwa hawakukuta wamehamia. Ni kweli walikuwa watu wa kampuni ya sabuni, lakini hata WHO wanakubali kipande, wanachotaka kikae pa kuchuruza maji. Kiweke kwenye kisahani chenye matundu, kikilala kwenye maji kinalainika chote na ndo kinavyoisha haraka. Ya maji nayo chupa ikiisha ioshe ikauke kwanza, usijazie juu ya masalia, na usiizimue na maji ya kisima itakuja kunuka.

Bi Chausiku
Mwanangu mimi naongeza moja, una watoto wadogo, USIWEKE sabuni ya maji kwenye chupa ya soda au juisi!! Ina rangi nzuri na inanukia ndimu, mtoto haulizi anapiga funda. Akinywa usimtapishe, mwahi hospitali.

MamaPacha
Asanteni sana, Bi Chausiku nimekusikia. Basi ya maji jikoni na kudekia, kipande cha kunawa na kuoga. Na nguo za shule? Ukosi bila mche hautakati kwa kweli

MpikaSabuni Mbagala
Ukosi mche ndo wenyewe. Tia soda ashi kijiko kimoja kwenye ndoo, koroga, acha chokaa ituame, chota ya juu ufulie. Chumvi itabaki ila povu utaliona, na vaa glavu, soda inakausha ngozi. Suuza na maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua kama unakinga.