Mjadala: Tuache ndizi nyama ili tupungue?

Mtoa mada
Wadau wa Arusha na Moshi, habari za leo. Kuna mpango wa ulaji unaozunguka kwenye vituo vya mazoezi na vikundi vya akina mama: usile wanga na protini kwenye mlo mmoja, matunda yaliwe peke yake, na kati ya mlo na mlo zipite saa nne. Anayeufuata anaahidiwa kupungua uzito na kurudiwa na nguvu. Kwa sheria hiyo ndizi nyama hazifai, makande hayafai, kiburu (ndizi na maharage) hakifai, loshoro ya maziwa mgando nayo ndiyo basi, na supu na chapati ya asubuhi tuisahau. Wapo wanaotaka wahudumu wa afya ngazi ya jamii waufundishe mitaani kwa kuwa hauhitaji mizani wala fedha. Wapo wanaosema ni upotoshaji. Mnasemaje? Hoja ije na vipimo, habari za "jirani yangu alipungua" tuziache.

Kocha, Themi
Mkuu, tuanze na chanzo, maana wengi wanapinga wasichokijua. Mpango huu unatokana na daktari wa Marekani, William Howard Hay (1866–1940). Alikuwa na sheria tano. Wanga na sukari visikae mlo mmoja na protini wala matunda yenye uchachu. Mboga na matunda viwe sehemu kubwa ya chakula cha siku. Wanga, protini na mafuta viliwe kidogo. Nafaka zisikobolewe, na unga mweupe na sukari viachwe. Mwisho, kutoka mlo wa aina moja hadi wa aina nyingine zipite saa nne au nne na nusu.

Kwa chakula cha huku siku inakwenda hivi: saa moja asubuhi papai gramu 300. Saa sita mchana ndizi mshare tatu za kuchemsha, bakuli zima la mnafu na robo parachichi, bila nyama wala maharage. Saa kumi na mbili jioni kuku au samaki gramu 150 bila mifupa, mboga za majani na kachumbari, bila ugali. Anayeshindwa hushindwa saa kumi alasiri, njaa inapompata barabarani akajikuta kwenye kibanda cha chipsi. Dawa yake ni tango au karoti mbili mkobani. Mtu akiufuata hivi anapungua, hilo halina ubishi.

Afisa Lishe, Moshi
Kocha, umefanya vizuri kuzitaja zote tano, umenirahisishia kazi. Ya pili, ya tatu na ya nne mtaalamu yeyote wa lishe angemwandikia mgonjwa wake. Ya kwanza ndiyo inayogombana na mwili wenyewe, na kwa bahati mbaya ndiyo inayouzwa.

Madai ni kwamba nyama inataka tindikali na wanga unataka alkali, vikikutana kimoja kinakwama na kuoza tumboni. Tumbo lina tindikali kali, pH (kipimo cha tindikali, namba ndogo ndiyo kali zaidi) ya 1.5 hadi 3.5 likiwa halina chakula, na chakula kikiingia linamwaga nyingine, kiwe ndizi au kiwe nyama. Bakteria wa kuozesha hawastawi humo. Isitoshe, kazi kubwa ya kumeng'enya hufanyika mbele, kwenye utumbo mwembamba. Kongosho linamwaga humo maji yenye bikaboneti ya kuzima tindikali, na ndani ya maji hayohayo kuna vimeng'enya: amilesi ya wanga, tripsini ya protini na lipesi ya mafuta. Vinakuja kwa mkupuo mmoja.

Halafu hivyo vyakula vyenyewe havikuumbwa vimetengana. Maharage makavu gramu 100 yana wanga kama gramu 60 na protini gramu 20 na kidogo. Tuyatie kundi gani? Maziwa ya mama yana sukari, protini na mafuta kwa pamoja, na mtoto mchanga anakua nayo.

Kuhusu makande, mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani, ambazo ni sehemu za kujengea protini. Maharage yana laisini ya kutosha ila methionini, sehemu nyingine ya protini, kidogo. Vikiliwa pamoja kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. (Si lazima iwe sahani moja, hata ndani ya siku moja inatosha. Hapo Kocha ana nusu ya hoja.)

Na hili limeshapimwa. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uswisi: watu 54 wenye unene uliopitiliza, wiki sita, kila mmoja kilokalori 1,100 hivi kwa siku. Kundi moja lilitenganisha, jingine lilikula mlo mchanganyiko. Waliotenganisha walipungua wastani wa kilo 6.2, waliochanganya kilo 7.5, na kitakwimu tofauti hiyo haihesabiki. Chakula kikiwa kidogo kwa kiasi kilekile, kutenganisha hakuongezi kitu.

Kocha, Themi
Hao walipimiwa chakula, ndugu yangu. Ngarenaro nani anapimiwa? Mwambie fundi ujenzi ale kilokalori 1,100 atakuuliza zinauzwa wapi. Mwambie "ukila ugali usile nyama" ataelewa leo na kesho atakumbuka. Sahani ya mgahawani inabeba ugali wa unga gramu 200, ambao ni kilokalori 720, juu yake nyama ya kukaanga na mchuzi. Ukiondoa upande mmoja umekata karibu nusu bila kuhesabu. Nakubali hoja ya kongosho. Silihitaji kongosho kwa kazi hii.

Mchangiaji, Kibosho
Na mbege iko kundi gani? Ndizi mbivu na ulezi, tuinywe na nyama au peke yake?

Afisa Lishe, Moshi
Kundi la pombe, mzee wangu. Kila gramu ya kilevi ina kilokalori 7, karibu na mafuta yenye 9.

Mpishi, Sakina
Kaka zangu mnabishana kongosho wakati tatizo liko kwenye sufuria. Chipsi kuku zikimwacha mtu hoi, kosa si viazi kukutana na kuku. Ni mafuta, mafuta ndiyo yanayochelewesha tumbo kumwaga chakula. Angalieni majumbani: robo lita ya mafuta kwenye sufuria la watu wanne. Hizo ni zaidi ya kilokalori 2,000, yaani kila sahani imeshabeba 500 kabla hujahesabu chakula chenyewe. Mtu anaacha nyama, anabaki na ndizi zilizoungwa kwa mafuta hayohayo, halafu anashangaa mizani haisogei.

Ndizi nyama za kupungua zipo. Kwa watu wanne: mshare kumi na mbili, nyama ya steki nusu kilo, nyanya tatu, kitunguu kimoja, karoti mbili, mafuta vijiko viwili vikubwa (kimoja ni kilokalori 120). Nyama ichemke peke yake hadi ilainike, supu ipoe kidogo, mafuta yanayoelea yaenguliwe. Ndipo ndizi ziingie. Zikitangulia ndizi zinavurugika nyama ikiwa bado ngumu, na mpishi anaishia kuongeza mafuta ili chakula kipate sura.

Tumbo kujaa gesi baada ya kiburu au makande kuna sababu nyingine. Maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachua. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika kumi ndipo upunguze moto. Anayepikia maji ya kulowekea amezirudisha zote.

Na magadi tafadhali. Nimeona mtu anaandika kwamba magadi yanafanya chakula kuwa cha alkali, hivyo yanafaa kwenye mpango huu. Yanalainisha maharage, ni kweli. Lakini yanaharibu vitamini B1, yana sodiamu nyingi isiyomfaa mwenye presha, na yanabeba floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi), wakati maji ya chini ya Mlima Meru tayari tunayalalamikia kwa floridi hiyohiyo. Damu yenyewe inakaa kwenye pH 7.35 hadi 7.45 kwa kazi ya mapafu na figo, magadi hayana nafasi humo.

Mfamasia, Mbuyuni
Mmesahau wagonjwa. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi au gliklazaidi, au anayechoma insulini, dozi yake imepangwa kwa kutegemea wanga anaokula. Akikata wanga wa jioni ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka usiku: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Metfomini peke yake ni nadra kuleta hali hiyo, ila wengi hutumia mbili kwa pamoja. Huyu aonane kwanza na daktari wake, dozi irekebishwe, ndipo mlo ubadilike. Ikishamtokea, apewe sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, akiwa bado anaweza kumeza. Kuku hatamsaidia saa hiyo.

Jambo la pili, zile kilo mbili za wiki ya kwanza zinazopigwa picha. Mwili una akiba ya wanga ya gramu 400 hadi 500 kwenye ini na misuli, na kila gramu imeshikana na maji kama gramu 3. Wanga ukipungua akiba inatumika na maji yanatoka. Ukirudia ugali siku mbili, maji yamerudi. Kipimo cha haki ni kiuno, kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya chai, baada ya wiki nne.

Mkunga mstaafu, Marangu
Wanangu, mmezungumzia uzito, ile ahadi ya nguvu mmeiruka. Mwanamke anayechoka akipanda ngazi kumi apimwe damu kwanza. Kwa asiye mjamzito, himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na hakuna kutenganisha vyakula kutakakoziba hilo. Kuna pia tezi la shingo, kuna kisukari chenyewe, kuna kutolala.

Halafu sheria ya Hay inakataza ndimu isikae na wanga. Ndimu ndiyo inayosaidia madini ya chuma ya maharage na mchicha kufyonzwa! Kamulia nusu ndimu kwenye maharage yakishaiva, si yakiwa jikoni, maana vitamini C inapotea kwa moto. Kinachopaswa kutenganishwa na chakula ni chai. Chai inazuia chuma, basi inywewe saa moja baada ya kula. Huku kwetu mtu anashushia maharage kwa chai, halafu analaumu ndizi.

Kocha, Themi
Shikamoo mama. La chai nimelichukua, na la dozi pia. Lazima liandikwe juu kabisa ya karatasi. Lakini naona kila anayepinga anakubali kwamba kula kidogo, mboga nyingi na unga wa dona vinasaidia. Mnachokataa ni kamba niliyofungia mzigo.

Afisa Lishe, Moshi
Tunaikataa kwa sababu inamkata mbebaji. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 75 anahitaji 60. Kwa ratiba yako papai ni kama sifuri, ndizi na mnafu tuseme gramu 10, kuku gramu 40 na ushee. Hata ukiwa na fedha umefika 50 kwa shida. Sasa mtoe kuku uweke mayai mawili, ambayo ndiyo mama wa Kiboriloni atayamudu siku nyingi za wiki: gramu 12 au 13. Siku nzima haifiki 25. Anayepungua hivyo anapoteza misuli pamoja na mafuta, na ile nguvu aliyoahidiwa haiji. Mrudishie kikombe cha maharage yaliyoiva kwenye zile ndizi za mchana, amepata gramu 15 kwa bei ndogo. Sheria yako inamkataza kitu hichohicho.

Ukitaka kanuni isiyo na mizani, mbona ipo? Nusu ya sahani mboga za majani, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Na aanze na mboga na maharage, ugali aumalizie. Kuna tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba mpangilio huo unapunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Ukitaka kutenganisha, tenganisha kwa dakika kumi, saa nne za nini?

Mpishi, Sakina
Kwa ugali kuna kipimo rahisi zaidi: kikombe cha robo lita, unga ujae bila kushindiliwa, ni gramu 120 hadi 150. Kikombe kimoja kwa mtu mmoja mzima, basi. Upime unga mkavu, kwa sababu ugali laini na ugali mgumu havilingani uzito hata unga ukiwa uleule.

Kocha, Themi
Kikombe nakikubali. Bado nasema chakula cha usiku kiwe bila ugali kwa mtu mzima mwenye kitambi, asiye na ugonjwa, anayekula saa tatu na kulala saa nne. Leteni hoja dhidi ya hilo, Hay mwacheni apumzike.

Afisa Lishe, Moshi
Hoja ni kwamba nyumba ina chungu kimoja. Ukimfundisha mama kwamba usiku hakuna wanga, anayekosa ni pamoja na mtoto wa miaka mitatu na binti anayenyonyesha. Mhudumu wa afya anafundisha kaya nzima, hafundishi kitambi cha baba.

Kocha, Themi
Basi chungu kipikwe kama kawaida, wengine wapakue ugali, baba asipakue.

Mpishi, Sakina
Baba asipopakua atapitia Kwa Mrombo. Huko atakula nyama choma tupu bila ndizi, kama Hay alivyotaka, na bia tatu za kilokalori 200 kila moja.