Mrejesho: mkate kukauka siku ya pili

Niliuliza kwa nini mkate wa nyumbani hapa Nakuru unakauka kesho yake. Asanteni sana, dawa ni ule uji mlionishauri, wa kupika sehemu ndogo ya unga kwanza kisha kuuchanganya kwenye donge! Kwenye unga gramu 500, toa 25, koroga na maziwa mililita 125, pika kwa moto mdogo hadi mwiko uache mfereji chini ya sufuria. Uji upoe kwanza kabla ya kuuchanganya na unga uliobaki, la sivyo utaua hamira. Wanga uliopikwa hushika maji mengi, ndiyo maana mkate unabaki laini.

Huku juu, karibu mita 1,850, donge huumuka upesi: tazama ukubwa, si saa. Funga mkate ukishapoa kabisa. Friji hapana, inauharakisha kukakamaa. Wa ziada ukate vipande, uugandishe kwenye friza.