Gurudumu la mkia: dogo gumu, kubwa la upepo, au nihamie gurudumu la mbele?

Kagulu_Angani (Kajjansi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina ndege ya kujijengea, viti viwili, ya gurudumu la mkia. Niliichukua kwa bwana mmoja aliyeijenga mwenyewe kisha akahama nchi. Nikitua, mkia ukishagusa chini, gurudumu la nyuma linaanza kutetemeka na tetemeko linapanda kwenye kanyagio mpaka magotini. Nafikiria njia tatu: nikarabati hili dogo la mpira mtupu, niweke kubwa la upepo la inchi 8, au nihame kabisa niweke gurudumu la mbele. Kuna ndugu yangu anarudi kutoka Marekani mwisho wa mwezi, amenipa nafasi kwenye begi lake, kwa hiyo lazima niamue mapema. Mngekuwa ninyi mngechukua lipi?

FundiBomba (Soroti)
Ndege gani? Injini gani? Mkia ni wa mabomba na kitambaa au wa bati? Springi ina jani moja au kadhaa? Ndege ikiwa tupu, gurudumu la mkia linabeba kilo ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Ssebo_Murramu (Mbarara)
Kubwa la upepo, usijisumbue. Dogo gumu mvua ikinyesha linachimba murramu (udongo mwekundu wa kiwanja) kama jembe, na kila jiwe unalokanyaga pigo lake linakwenda moja kwa moja kwenye mabomba ya mkia. La upepo linameza mawe.

MamaRotax (Jinja)
Linameza mawe, na miiba pia linaimeza. Pancha ya gurudumu la mkia kwenye kiwanja cha mbali ni siku nzima umekaa chini ya bawa unasubiri mtu alete tyubu, na tyubu ya saizi hiyo mimi sijawahi kuiona dukani Kampala. Kagulu, ukichukua la upepo, mwambie ndugu yako aweke tyubu mbili za akiba kwenye begi hilo hilo.

Kagulu_Angani
@FundiBomba: ni Kitfox Model 4, injini ya Rotax 912 ya farasi 80. Mkia ni mabomba ya chuma cha 4130, kile cha aloi ngumu cha ndege, na kitambaa. Springi ina majani mawili. Uzito wa mkia nina karatasi ya mizani ya mwenyewe wa zamani, ila aliiandika kabla hajahamishia betri nyuma ya kiti.

FundiBomba
Basi karatasi hiyo haina kazi tena. Pima upya kabla hujaongeza hata bolti moja huko nyuma.

Mzee_Timazi (Nairobi)
Kijana, usiagize kitu bado. Tetemeko hilo mara nyingi halitoki kwenye gurudumu, linatoka kwenye springi. Gurudumu la mkia huzunguka kwenye nguzo yake kama gurudumu la toroli ya supamaketi: likiburutwa nyuma ya nguzo linatulia lenyewe. Majani ya springi yakichoka yanalala, na yakilala kichwa cha nguzo kinainama kuelekea mbele. Hapo umbali kati ya mstari wa nguzo na pale tairi linapogusa chini unapungua, na gurudumu linakosa kitu cha kulinyoosha. Ukifika mwendo fulani, linacheza.

Namna ya kujua: weka mafuta ya kawaida, mtu mwenye uzito wako akae kwenye kiti, halafu weka pimamaji kwenye ile nguzo. Inatakiwa isimame wima, au kichwa kiegemee nyuma kidogo. Kikiegemea mbele, dawa ni springi mpya au kabari ndogo pale springi inapofungwa kwenye bodi. Ukiweka gurudumu la inchi 8 juu ya springi iliyolala, utakuwa na tetemeko lile lile, zito zaidi.

Ukiwa hapo chini, kagua pia sahani za msuguano kwenye nguzo ya gurudumu, na minyororo inayotoka kwenye usukani wa mkia isiwe inaning'inia.

Ssebo_Murramu
Mzee, pembe ni kweli, nakubali. Lakini murramu bado ni murramu.

Mzee_Timazi
Na hesabu bado ni hesabu. Tuseme hilo kubwa linazidi dogo kwa kilo 2. Kutoka kitovu cha uzito mpaka gurudumu la mkia chukua mita 4. Kilo 2 mara mita 4 ni 8. Gawa kwa ndege ya kilo 500: kitovu kimerudi nyuma milimita 16. Kwa ndege ndogo namna hiyo hizo si chache, hasa betri nayo ikiwa imeshapelekwa nyuma ya kiti. Kitovu kikipita mpaka wa nyuma, pua inakuwa nyepesi mno mkononi, na ndege ikizidiwa ikaanza kuanguka kwa mzunguko huenda isitoke.

Kagulu_Angani
Betri inaweza kurudi mbele kwenye ukuta wa injini, nafasi ipo. Na gurudumu la mbele je? Hakuna aliyeligusa. Mke wangu ndilo analolitaka.

FundiBomba
Mwambie shemeji kwamba si suala la kufunga gurudumu mbele tu. Kwenye ndege ya gurudumu la mkia magurudumu makubwa yako mbele ya kitovu cha uzito. Ukienda gurudumu la mbele lazima yarudi nyuma ya kitovu, la sivyo ndege inakalia mkia. Maana yake ni kuchomelea vishikio vipya kwenye bodi, mguu wa mbele unaobebwa na mabomba yanayoshikilia injini, mizani mpya, na kabla ya yote kukaa na mkaguzi wa mamlaka ya anga, Entebbe. Halafu unaupeleka mguu huo mwembamba kwenye nyasi zenye mashimo ya wanyama.

Na kabla ya yote hayo: fungua kitambaa kidogo pale springi inapofungwa, safisha, angalia kwa tochi na kioo cha kukuzia. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba wenye kutu ndani yake ndiyo ufa wenyewe. Tetemeko la muda mrefu huzaa nyufa hapo.

Ssebo_Murramu
Ikikutwa na ufa si mwisho wa dunia. Katwe pale Kampala kuna mafundi wanachomelea kitu chochote.

MamaRotax
Katwe kwa stendi ya injini, sawa. Kwa mkia, hapana!

Ssebo_Murramu
Dada, usiwadharau watu wa Katwe. Mkono wao ni mwepesi kuliko wa wengi wenye vyeti.

FundiBomba
Tatizo si mkono wa fundi, ni bomba. Bomba la fremu ya kitanda na bomba la 4130 kwa macho yanafanana, na unene wa ukuta unaweza kufanana. Nguvu hazikaribiani. Fundi wa Katwe akipewa bomba sahihi na waya sahihi, na mtu anayejua akasimama pembeni, mimi sina ugomvi. Akipewa chakavu atakuchomelea chakavu vizuri sana.

Upepo_wa_Ziwa (Mwanza)
Ngoja niwape ya kwetu, maana Kagulu ukishafungua kitambaa utapaka rangi, na hapo ndipo sisi tulipoumia. Tuliichukua RV-6, ndege ya bati ya kujijengea, kwa kushirikiana. Imepakwa rangi upya, inang'aa, kila mtu kiwanjani anaisifu. Wiki za kwanza hakuna neno. Halafu siku moja tunashuka kutoka juu, hewa tulivu kabisa, mwendo umepanda kidogo, fimbo ya kuongozea ikaanza kuvuma mkononi. Si kutikisika kwa upepo, ni mvumo, kama umeshika kitu chenye mota ndani. Rubani alivuta nguvu ya injini polepole, akainua pua kidogo, mwendo ukashuka, mvumo ukakata. Alipotua alikaa ndani kitambo, hazungumzi.

Tukatoa eleveta, vile vibawa vya mkia vinavyoinua na kushusha pua. RV zina vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye ncha za mbele za eleveta, kazi yake ni kusawazisha uzito ulio nyuma ya bawaba. Tulipoziweka kwenye visu viwili kupima, ukingo wa nyuma ulianguka kama umefungiwa jiwe. Aliyezipaka ni gereji ya magari: walijaza lipu kila palipokuwa na kibonyeo, wakapaka rangi tabaka juu ya tabaka kama ni bodi ya basi. Na ndani ya eleveta ya kushoto tukakuta matope makavu ya nyigu, donge la kujaa kiganja. Tulikwangua mpaka bati, tukapaka nyembamba, tukapima tena mpaka zikatulia sawa. Mvumo haukurudi. Lakini kila nikiikumbuka ile safari mwili unanisisimka.

Mzee_Timazi
Na huku kwetu juu jambo hilo ni baya zaidi. Entebbe iko futi 3,782 kutoka usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 ndege inajiona iko futi 6,000 na zaidi. Mwendo halisi hewani unaizidi saa yako ya kupimia mwendo kwa karibu asilimia kumi, na huo mtikisiko wa mkia unafuata mwendo halisi, haufuati saa.

MamaRotax
Kitfox 4 haina risasi kwenye eleveta, kwa hiyo Kagulu asitishwe.

Upepo_wa_Ziwa
Kutokuwa nayo ndiyo sababu ya kuchunga zaidi uzito unaoongezwa nyuma ya bawaba, dada.

Kagulu_Angani
Nimerudi na majibu. Pimamaji inaonyesha kichwa cha nguzo kimeegemea mbele, kinaonekana hata kwa macho. Ufa sijauona, ila bado sijafungua upande wa chini. Nimemwambia ndugu yangu alete springi. Gurudumu sijaamua.

Ssebo_Murramu
Begi si lina nafasi? Aongeze na la upepo!

FundiBomba
Mizani kwanza.

Kagulu_Angani
@Upepo_wa_Ziwa: hao nyigu waliingilia wapi? Yangu ina matundu ya kutolea maji chini ya eleveta, nami nawaona hangani kila asubuhi.

Upepo_wa_Ziwa
Hapo hapo kwenye matundu. Usiyazibe moja kwa moja, maji yakikaa ndani mabomba yanaoza. Ndege ikiwa imelala weka vizibo vya sponji vyenye utepe mwekundu mrefu, uvitoe kabla ya kuruka.

MamaRotax
Na bomba la kupimia mwendo pia. Mimi nimewakuta humo asubuhi, na jioni yake nilikuwa nimeliacha safi. Kuna anayeshona vifuniko vya turubai hapa Uganda? Vya kwangu vimechanika.

Ssebo_Murramu
Njoo inboksi, nina mtu Mbarara anashona viti vya teksi, kazi yake safi.