Tupeane uzoefu: ITV na wenzake walivyotufikia nyumbani mara ya kwanza

Wakuu, salaam. Juzi mdogo wangu aliniuliza televisheni ya kwanza huku Tanzania Bara ilikuwa ya nani. Nikamwambia ilikuwa ya watu binafsi, akakataa kabisa. Alijua TBC, ile ya serikali, ndiyo iliyotangulia. Nikaona tuyaandike sisi tuliokuwepo, maana wazee wanaondoka nayo.

Kwa miaka mingi serikali haikutaka televisheni Bara. Mwalimu Nyerere aliiona ni anasa kwa nchi yenye shida kubwa zaidi. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango, na mwaka 1994 zikaingia za watu binafsi: CTN, ITV na DTV. TVT ya serikali, ambayo sasa ndiyo TBC, ilizinduliwa rasmi mwaka 2000, tukiwa tumeshazoea kuangalia.

ITV ni ya IPP, kampuni ya marehemu Reginald Mengi, na makao yake ni Mikocheni, Dar. Mzee huyu alikuwa mhasibu. Kiwanda chake cha mwanzo kilikuwa nyumbani kwake, akiunganisha kalamu miaka ya 80, wakati hata kalamu dukani ilikuwa ya kutafuta. Baadaye zikaja bidhaa nyingine, magazeti kama Nipashe, Radio One na ITV yenyewe. Mimi namheshimu sana kwa hilo. Pesa ya viwandani angeweza kuiweka popote, akaiweka kwenye kituo ambacho hakuna aliyejua kama kitalipa.

Kwetu Temeke mtaa mzima ulikuwa na TV moja, kwa mama mmoja muuza vitenge. Viatu unaacha barazani, watoto mnakaa chini mbele, wakubwa nyuma. Saa mbili usiku, ikianza taarifa ya habari, hakuna kukohoa. Oktoba 1999, mwili wa Mwalimu uliporejeshwa kutoka London, yule mama aliitoa TV nje, akaiweka juu ya meza uani ili kila mtu aone. Baba yangu sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Alikaa kwenye kigoda, kofia ameishika mkononi, hakusema neno mpaka giza likaingia.

Haya, nanyi leteni ya kwenu.

Mwana wa Ng'ambo:
Ahsante kwa kusema "Bara", ndugu yangu, maana wengi husahau. Sisi Unguja TVZ, televisheni ya Zanzibar, ilianza 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyengine za kusini ya Sahara hazijawa nayo rangi. Marehemu babu akitupeleka kuangalia kwenye televisheni ya watu wote, tunatandika mkeka. Binamu zangu wa Dar walisimamisha milingoti mirefu kuikamata TVZ kutoka ng'ambo ya bahari. Siku ikiwa na mawingu hawapati kitu. Ilipokuja ITV, ikawa zamu yetu kugeuza antena kuelekea kwao.

Fundi Antena:
Umenigusa, mkuu. Hiyo milingoti ndiyo ilikuwa kazi yangu, Magomeni. Mabomba ya alumini nakata mwenyewe: kijiti kirefu kinakaa nyuma, vifupi vinatangulia mbele, na mbele ielekee mnara. Ukikosea hapo unapata chenga tupu. Wasio na pesa ya antena walifunga mifuniko ya sufuria, na wengine ilikubali.

Kazi ilihitaji watu watatu. Mimi juu ya bati, mtoto dirishani, baba mwenye nyumba mbele ya TV. "Geuza! Ongeza! Umepitiliza, rudi! Hapo hapo, usiguse!" Nimeshuka kwenye mabati mengi nikakuta familia nzima inanipigia makofi. Wanangu wawili wamesoma kwa kazi hiyo.

Dada wa Kirumba:
Jamani na Mwanza tupo. Nyie mnaongelea Mikocheni, sisi tuna Sahara, kampuni ya utangazaji ya Anthony Diallo. Tulianza kuisikiliza Radio Free Africa, halafu ikaja Star TV. Mjomba alikuwa na TV ya Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari. Betri inapelekwa kuchajiwa kwa baiskeli, na ikiishiwa nguvu picha inaanza kusinyaa pembeni, tunajua leo basi.

Ninachokumbuka zaidi ni siku nilipoona kwenye habari wachuuzi wa samaki wa kwetu wakiongea, kwa lafudhi yetu ya Kisukuma. Tulizoea habari kuwa ni jambo la Dar. Shangazi aliinuka akaigusa skrini. Mpaka leo kipindi chao cha Tuongee Asubuhi sikikosi nikiwa nyumbani.

Mjukuu wa Mbagala:
Mimi nilikuta mwisho wake. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar. Bibi aliamka asubuhi, TV haina kitu, akajua imekufa, akatafuta fundi. Ilibidi tuchange tumnunulie king'amuzi. Kisha Agosti 2018 ITV, Star TV na nyingine za ndani zikaondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, kwa sababu ya masharti ya leseni. Bibi akaishi wiki nzima bila habari za saa mbili. Tukanunua kingine. Vilikaa viwili juu ya kabati, na rimoti zake akazifunga nyuzi za rangi tofauti asizichanganye. Mei 2019 alisikia kwenye ITV hiyo hiyo kwamba Mengi amefariki Dubai, akatutuma tuwaite majirani.

Mwenye mada:
Fundi, antena yetu ya Temeke bado iko juu ya bati. Mama hataki ishushwe. Watu wa Mtwara, Lindi na Kigoma, kwenu ilifika lini, na nani alikuwa na TV ya kwanza?