Naomba ushauri: meli gani nimpandishe mama pwani ya Norwei?

BintiMtangata: Salaam wadau. Mama yangu, miaka 71, anakuja kwangu Ujerumani mwezi wa tisa. Ni mtoto wa nahodha wa jahazi kule Pangani, na siku zote anatamani kuiona bahari ya kaskazini. Nataka tupande meli Bergen hadi Kirkenes na kurudi, siku 12, bandari 34. Nimebakiza mbili: Vesterålen ya kampuni ya Hurtigruten, iliyoundwa 1983, ambayo bei niliyopewa naimudu, na Havila Castor ya kampuni ya Havila, ya 2022. Magoti yanamsumbua, na nguruwe hali. Kuna haja ya kuongeza hela?

MkaziWaBergen: Mfikishie mama shikamoo yangu. Nimezipanda za kampuni zote mbili. Dada, kwa magoti hayo chukua Havila. Vyumba vingi vya meli za zamani ni vyembamba. Kitanda kimoja mchana ni sofa, cha pili kinakunjwa ukutani. Mtu mzima kila jioni kuhangaika na vitanda, hapana. Castor, Capella, Polaris na Pollux ni meli pacha, kwa hiyo fuata tarehe tu. Zina betri kubwa pamoja na injini za gesi. Tulipoingia kwenye fyodi, ule mkono wa bahari mwembamba kati ya milima, injini zilizimwa, kukawa kimya, tukasikia maji yakiporomoka kutoka juu ya mlima. Nililia, sioni aibu kusema.

Abuu Salma: Bafe Havila hakuna, unaagiza sahani mezani, basi ni rahisi kueleza kuhusu nguruwe. Hata hivyo waambie mapema, wakati wa kulipia. Mkiwa mnapanda kaskazini, meli inakaa Tromsø kwa muda wa kama masaa manne hivi mchana, na mjini kuna msikiti.

Mama Wawili: Mimi nawaza mawimbi. Pale kwenye rasi ya Stad hakuna visiwa vya kukinga, bahari kuu inakuja moja kwa moja, na meli yoyote inayumba, mpya au kuukuu. Chukueni chumba cha katikati, sitaha ya chini. Dawa anywe kabla, asingoje kichefuchefu. Na uulize kama dirisha limezibwa na mashua za uokozi, maana mama anakuja kuangalia nje.

BintiMtangata: Asanteni sana. Vipi yale mabeseni ya maji moto na sauna?

MkaziWaBergen: Yapo, lakini kama hamtayatumia yasikufanye uongeze hela. Hizi meli bado zinabeba mizigo na wenyeji, bandari nyingine zinasimama dakika chache tu. Jambo kubwa ni kutoishia Kirkenes: mliyoyapita usiku wakati wa kupanda, wakati wa kurudi mnayapita mchana.

BintiMtangata: Basi ni Castor, chumba chenye dirisha, katikati. Nitabana matumizi miezi miwili. Kesho naanza kushughulikia viza ya mama, itoshe siku zote 12 na za kukaa kwangu.