Dogo anasema aliyeumba dunia siye Mungu wa kweli. Nianzie wapi kuongea naye?

KandaYaZiwa (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa mliosoma historia ya dini.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo, kaja likizo kabadilika. Jumapili tumekaa mezani, bimkubwa akaanza kuombea chakula, dogo macho kodo. Kuulizwa, akajibu: "Mama, huyo unayemshukuru kwa kuumba dunia ni Yaldabaothi. Kipofu, hajui hata alikotoka." Bimkubwa hakula. Sato akapoa pale pale, mzee kimya, mimi ndiye nikaambiwa "ongea na mwenzio".

Nimeongea naye, tumeishia kubishana. Ana maneno mengi: Pleroma, Sofia, arkoni. Anadai ni imani ya kale iliyofichwa na kanisa. Ni kitu cha kweli au kimetungwa mitandaoni? Nataka kumjibu kwa hoja, sio kumtisha na moto.

Tumbo_Joto
Nimekaa siti ya mbele. Mimi namsikitikia sato.

BiShangazi
Punguzeni bando nyumbani humo.

Mwl_wa_Zamu
Mkuu, dogo hajatunga. Wenye imani hiyo ni Wagnosi, makundi ya kidini ya kale, wengine huandika Wagnostiki. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya ujuzi. Walivuma karne ya 2 na ya 3, Misri, Roma na kwingineko. Kwa miaka mingi tuliwajua zaidi kupitia wapinzani wao, kama Ireneo, askofu wa Lyon, aliyeandika kuwapinga mnamo mwaka 180. Unajua habari ya mtu ukiipata kwa hasimu wake inakuwaje.

Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi kule Misri ya Juu, wakulima waliokuwa wakichimba udongo wa mbolea walikuta mtungi. Ndani mlikuwa na vitabu vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi. Vilivyobaki vinahesabiwa 13, vina maandishi 50 na ushee kwa Kikopti, lugha ya kale ya Misri. Inasimuliwa kwamba kurasa nyingine ziliishia kuwashia moto wa tanuri nyumbani kwa mmoja wao. Vilivyopona viko Makumbusho ya Kikopti, Kairo.

Hadithi anayoisema dogo imo kwenye Kitabu cha Siri cha Yohane. Juu kabisa yuko Mungu asiyeonekana wala kutajika. Kutoka kwake kunatokea viumbe wa nuru, wawili wawili, na utimilifu wao ndio Pleroma. Wa mwisho ni Sofia, yaani Hekima. Akataka kuzaa peke yake, bila idhini wala mwenza. Akazaa kitu chenye mwili wa nyoka na uso wa simba, macho yanawaka kama radi. Akaona aibu, akamtupa mbali na kumficha kwenye wingu ili wenzake wasimwone. Huyo ndiye Yaldabaothi. Kakulia peke yake humo, akaumba watawala wake (ndio hao arkoni) na dunia, kisha akatangaza kwamba yeye ni mungu mwenye wivu, na hakuna mungu mwingine ila yeye. Mwandishi anamkejeli hapo: kama hakuna mwingine, anamwonea wivu nani?

Adamu naye alifinyangwa na malaika 365, kila mmoja na kiungo chake. Kazi ikaisha, akabaki kalala chini, hainuki. Yaldabaothi akashawishiwa ampulizie usoni. Kumbe pumzi ile ilikuwa nguvu ya mama yake. Ikamtoka, Adamu akasimama akiwa na akili kuliko waliomuumba.

Abuu_Tanga
Mwalimu, astaghfirullah, unalinadi hili?

Mwl_wa_Zamu
Silinadi, kaka. Ila huwezi kulijibu bila kulisikia. Hawa watu walikuwa na swali zito: kama Muumba ni mwema, mbona mtoto anazaliwa na kufa siku hiyo hiyo? Wakaona heri wamtenge Mungu na dunia kabisa. Mimi nadhani gharama ya jibu hilo ni kubwa mno, maana ziwa, sato na hata mwili wa mama yako vinakuwa kosa la mtu. Plotino, mwanafalsafa ambaye hakuwa hata Mkristo, aliwaandikia kuwapinga kwa sababu ya kuudharau ulimwengu hivyo.

Sasa mkuu, mwulize dogo swali moja: Wagnosi wepi? Maana hawakuwa na kauli moja. Ptolemaio, wa shule ya Valentino, mwalimu wa Kignosi, alimwandikia mama mmoja aitwaye Flora kwamba muumba huyo si mwovu, ni wa haki tu, yuko katikati. Andiko jingine la mtungi ule ule linasema mtoto wa Yaldabaothi, Sabaothi, alitubu akapandishwa mbingu ya saba. Hata hicho cha Yohane tunacho kwa nakala nne, mbili ndefu na mbili fupi. Akisema "Wagnosi wanasema", mwambie afungue andiko.

SatoMbichi
Nakazia. Halafu kwanza akamwombe bimkubwa radhi. Yaldabaothi hajawahi kumlipia ada.

KandaYaZiwa
Mrejesho, wakuu. Nilimuuliza "wepi?", akanyamaza. Kumbe alikuwa hajasoma hata andiko moja, ni video tu. Tumelipata kwa Kiingereza, jana tumekaa barazani yeye anasoma, mimi natafsiri. Bimkubwa alikuwa anachambua mchele, anajifanya hasikii. Tulipofika kwenye wingu akadakia: "Yaani kamzaa, kamtupa, halafu mnashangaa katoka mkorofi?" Dogo alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Radhi kaomba, ya kunong'ona. Kwenye sala bado hafumbi macho. Tumeishia Adamu kalala chini, kesho tunaendelea.